Swali la lugha: udongo wa prairi ni "udongo wa mbuga"?

Msomaji anayeishi Iowa, Marekani, ameandika: "Shikamoo mwalimu. Natafsiri karatasi ya vipimo vya udongo kwa familia za Wakongo wanaolima bustani huku. Karatasi inasema udongo wao ni wa prairi, na jina la mchanganyiko wake kwa Kiingereza linaanza na neno la mchanga, kisha la tifutifu. Nimeandika 'udongo wa mbuga wa kichanga tifutifu'. Mwenzangu aliyesomea kilimo Morogoro anasema nimekosea mara mbili. Ni kweli? Na wingi wa udongo ni madongo?"

Marahaba. Mwenzako amesema kweli, na inafaa urekebishe kabla karatasi haijawafikia wenyewe, maana mtu atamwagilia na kuweka mbolea kwa kufuata ulichomwandikia.

Tuanze na mbuga. Katika mazungumzo ya kawaida mbuga ni uwanda wa nyasi, ndiyo maana tuna mbuga za wanyama, na naelewa ulivyolifikia neno hilo. Lakini kwa mkulima wa Shinyanga au Mwanza mbuga ni bonde tambarare la mfinyanzi mweusi. Masika unaganda kwenye jembe hadi uukwangue kwa kijiti. Kiangazi unakauka na kupasuka nyufa pana. Wasukuma wanautenganisha kabisa na luseni, udongo wa kichanga ulioko juu kwenye miinuko. Wataalamu wa udongo wa Tanzania nao wamelichukua neno mbuga kwa maana hiyohiyo ya mkulima. Kwa hiyo mtu aliyesomea Morogoro akisoma "udongo wa mbuga wa kichanga", anaona umeunganisha udongo wa bondeni na wa mlimani. Usikimbilie nyika pia, kwa sababu nyika ni pori kavu la miiba. Andika "nyanda za nyasi" mara ya kwanza, utaje kwamba huko zinaitwa prairi, kisha uendelee na prairi. Ni jina la mahali penye historia yake, na halina sababu ya kuvalishwa jina la mahali petu.

Kosa la pili ni la mpangilio, na hili nalikuta mara nyingi hata katika vitabu. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, sifa ikafuata: nyumba kubwa, chai ya maziwa. Kiingereza kinafanya kinyume. Ukihamisha maneno kama yalivyopangwa, unapata "kichanga tifutifu", yaani udongo wa kichanga wenye dalili za tifutifu. Huo upo, lakini ni udongo mwingine. Unaoutaka ni "tifutifu kichanga": ni tifutifu, ila mchanga umezidi.

Tofauti ya hizo mbili unaipata mkononi. Chukua udongo kiasi cha tonge, uloweshe kidogo, uufinye. Kichanga tifutifu kitashikana tonge hafifu, lakini ukijaribu kukisukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada kitoke utepe, hakitoi kitu. Tifutifu kichanga kinakwaruza vidole vilevile, ila utepe unatoka, mfupi, na unakatika kabla haujafika sentimita 2.5. Kwa vipimo vya Marekani, udongo wenye mchanga asilimia 65, tope laini (chembe ndogo kuliko mchanga lakini kubwa kuliko mfinyanzi) asilimia 25 na mfinyanzi asilimia 10 ni tifutifu kichanga. Ukiwa na mchanga 82, tope laini 12 na mfinyanzi 6, umeshakuwa kichanga tifutifu. Mfinyanzi umepungua kwa asilimia 4 tu, lakini chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002 na ndizo zinazoshika maji na virutubisho, kwa hiyo bustani ya pili itaomba maji mapema zaidi kuliko ya kwanza.

Kuhusu tifutifu lenyewe, weka maelezo mafupi. Neno hili linatukumbusha kutifua, na wakulima wengi huita tifutifu ardhi yoyote iliyolimwa ikalainika. Katika karatasi yako halizungumzii ulaini wa jembe, linazungumzia uwiano wa chembe. Utifue mfinyanzi asubuhi hadi jioni, utabaki mfinyanzi.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini sentensi yako inalihitaji. Tifutifu kichanga si jina la kundi la udongo. Unaweza kuukuta Dodoma, na si udongo wa prairi. Kinachoufanya uwe wa prairi ni nyasi. Kwa maelfu ya miaka nyasi ndefu, ambazo mizizi ya baadhi yake hushuka mita 2 na zaidi, zimekuwa zikifa na kuoza humohumo ardhini, zikaacha tabaka la juu jeusi, nene, lenye mboji na lililo laini hata likikauka. Wamarekani wanauweka udongo wa namna hiyo katika oda, yaani kundi kuu la udongo, iitwayo Molisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya laini. Oda zote ni 12.

Iowa kuna udongo unaoitwa Dickinson, ambao ni tifutifu kichanga wa prairi hasa: juu mweusi, chini mchanga unaongezeka, maji yanapita upesi. Kundi lake limeandikwa Typic Hapludoll. Ukikutana na jina kama hilo liache lilivyo, kama unavyoacha jina la Kilatini la mmea, ila ueleze maana yake. Nalo linasomwa kuanzia mkiani: -oll ni Molisoli, ud ni hali ya hewa yenye unyevu wa kutosha, hapl ni wa kawaida usio na tabaka la pekee chini yake.

Usiishie kwenye "udongo mweusi". Aliyetoka Goma ataufikiria udongo wa volkano, aliyelima Usukumani ataufikiria mfinyanzi. Mimi ningeandika: "Udongo wa prairi, yaani nyanda za nyasi. Tabaka la juu ni jeusi na lina mboji nyingi. Mchanganyiko wake ni tifutifu kichanga: unapitisha maji upesi na unakauka upesi." Baadhi ya wasomaji wako, hasa waliotoka Katanga, husema bulongo, liandike mara moja kando ya udongo, hakuna ubaya.

Wingi wa udongo ni udongo. Ukitaka kuhesabu, sema aina mbili za udongo au sampuli tatu za udongo. Madongo ni mabonge, na mitaani kurusha madongo ni kusemana kwa mafumbo.