Shamba la kwenye skrini ni la nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mchezo wa video wa kilimo, ule wa aina tulivu wa kupanda, kuvuna na kujuana na majirani, una thamani ya fedha za mnunuzi. Katika maelezo mliyoyaambatanisha nalo mmependekeza na kipimo: tuchukue bei, tuigawe kwa idadi ya saa ambazo mchezo utatukalisha mbele ya skrini, kisha tulinganishe na burudani nyingine. Kipimo hicho ndicho kilichonifanya niandike. Kwa hesabu ya saa michezo ya shamba haishindwi kamwe, kwa kuwa msimu mmoja huita mwingine na hakuna mwisho ulioandikwa. Hata hivyo, sijapata kumwona mtu aliyenunua mchezo wa namna hii kwa sababu alikuwa na saa nyingi za kujaza. Hununuliwa na watu waliochoka. Kwa hiyo nitajibu swali ambalo hamkuliuliza, nalo ni hili: je, mchezo wa shamba humpumzisha mtu aliyechoka? Jibu langu ni hapana, na kwa sababu hiyo sishauri aununue.

Tazameni jinsi siku inavyokwenda ndani ya Stardew Valley, ambao nadhani ndio mchezo unaowajia wengi akilini mnapouliza. Mchezaji huamka saa 12 asubuhi, na saa 8 usiku ikimkuta nje ya kitanda huanguka na kuzimia pale pale alipo. Kila dakika 10 za mchezo hupita kwa takriban sekunde 7 za kweli, hivyo siku nzima ya shamba huisha ndani ya dakika 14 hivi. Katika dakika hizo kuna kumwagilia mimea, kulisha kuku, kuvua samaki, kushuka mgodini, kupeleka zawadi kwa majirani, na kuliwahi duka la mbegu ambalo siku ya Jumatano halifunguliwi. Msimu una siku 28, na unapogeuka, karibu mazao yote ya msimu uliopita hukutwa yamekauka asubuhi, hata yale yaliyokuwa yamebakiza siku moja kukomaa. Mtu aliyetoka kazini na shughuli zisizokwisha hukabidhiwa shughuli nyingine, tena zenye saa inayokimbia kuliko ya ukutani kwake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo ulioanzisha ukoo huu ulitoka Japani mwaka 1996 chini ya Yasuhiro Wada, na wengi nje ya Japani waliujua kwa jina la Harvest Moon. Katika ule wa kwanza saa ilisimama ifikapo saa 12 jioni, na usiku ukamsubiri mkulima mpaka atakapoamua mwenyewe kwenda kulala. Angeweza kung'oa visiki usiku kucha ilimradi ana nguvu. Eric Barone, aliyeutengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akiandika programu, akichora na kutunga muziki mpaka ukatoka Februari 2016, hakuficha kwamba alikuwa akiufuata mfano huo. Usiku ule wa kusubiri, hata hivyo, hakuuchukua. Kwa muda mrefu nimeona kwamba hapo ndipo utulivu ulipopotea.

Nasema hivyo kwa sababu ya shamba moja ambalo mimi, mdogo wangu wa kike na binamu yetu tulilianzisha pamoja. Tangu toleo la 1.3 la mwaka 2018 mchezo huu huruhusu watu kadhaa kulima shamba moja kwa intaneti, kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake na makao yake shambani, na msipobadilisha mpangilio mfuko wa fedha huwa mmoja kwa wote. Saa haisimami mtu anapofungua begi lake kutafuta jembe, kama inavyosimama kwa anayecheza peke yake. Siku nayo haifungwi mpaka wote wawe wamelala. Shamba letu lilihifadhiwa kwenye kompyuta ya mdogo wangu, maana yake ni kwamba asipolifungua yeye, sisi wengine hatuna pa kuingia.

Binamu yetu ni mtu wa bidii, nami naiheshimu bidii yake. Alikuwa ametengeneza jedwali la mazao, na shabaha yake katika majira ya kuchipua ilikuwa tarehe 13, siku ya Tamasha la Mayai, kwa sababu hapo ndipo mkulima wa mwaka wa kwanza hupata mbegu za stroberi. Mbegu moja ni dhahabu 100, dhahabu ikiwa ndiyo fedha ya mchezo. Tunda la ubora wa kawaida huuzwa kwa 120. Mmea hukomaa kwa siku 8, kisha huzaa tena kila baada ya siku 4. Kwa wiki nzima ya mchezo hatukununua kitu chochote. Samaki wote waliuzwa, na mdogo wangu alipouliza kama anaweza kupata karatasi mpya ya ukutani aliambiwa asubiri stroberi. Alisubiri.

Siku ya tamasha wachezaji wote wanapaswa kufika ndipo lianze. Mimi na binamu tulisimama pale mlangoni tukimngoja mdogo wangu, ambaye alikuwa bado yuko upande wa shambani akiokota maua ya porini, moja hapa na jingine kule, bila haraka, huku binamu akimwandikia ujumbe mfupi baada ya ujumbe mfupi. Alipofika hatimaye na tukaingia, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya muuzaji, na kabla binamu hajaifikia akawa amenunua sungura mkubwa wa manyoya, pambo tu la chumbani lisilozaa wala kuuzika, kwa dhahabu ambayo ingetosha safu nzima za mbegu. Mfuko ulikuwa mmoja. Tuliiona tarakimu ikishuka sote kwa wakati mmoja kwenye pembe ya skrini.

Binamu hakutukana. Aliandika tu kiasi kilichobaki, kisha akanunua mbegu alizoweza. Tamasha likiisha mchezo huwarudisha wote nyumbani saa 4 usiku, na kutoka hapo hadi saa 8 ya kuzimia ni chini ya dakika 3 za kweli. Alitupangia kazi: yeye atalima, mimi nitapanda, mdogo wangu atamwagilia. Nilikuwa nikipanda kwa kasi nyuma ya jembe lake, na udongo uliopata maji hubadilika rangi kuwa mweusi, kwa hiyo niliona waziwazi kwamba hakuna udongo uliokuwa ukigeuka nyuma yangu. Ndipo taarifa ikatokea kwenye skrini kwamba mchezaji mmoja kati ya watatu yuko tayari kulala. Alikuwa ameingia nyumbani kwake, amemweka sungura wake kando ya kitanda, na amejilaza. Binamu aliacha jembe, akachukua kopo la kumwagilia, akazunguka vitalu peke yake, na saa 8 ilipofika akaanguka kifudifudi na safu mbili za mwisho zikiwa kavu. Mchezo ulikata dhahabu kidogo kwa kuzimia huko, nayo ilitoka kwenye mfuko uleule wa wote.

Tuliendelea kwa muda, lakini haikuwa kama mwanzo. Binamu alipunguza kuingia, kisha akaacha kabisa, akisema kwamba kazi anayo ya kutosha tayari na hakununua mchezo ili aongezewe nyingine. Maneno hayo niliyachukua kuwa ushahidi kamili wa hoja yangu: mtu mwema, mchapakazi, aliyekuja kupumzika, ameondoka akiwa amechoka zaidi kuliko alivyoingia. Ndiyo maana nimeanza barua hii kwa kusema hapana.

Lakini sasa, nikiandika, nimezipitia upya zile hesabu za stroberi, na zinanitatiza. Iliyopandwa tarehe 13 huvunwa tarehe 21 na tarehe 25, na mavuno ya tatu yangeangukia nje ya msimu. Iliyopandwa tarehe 14 huvunwa tarehe 22 na 26. Hata ile ya tarehe 16, ikimwagiliwa kila siku, huvunwa tarehe 24 na 28. Mavuno ni mawili yaleyale. Hapakuwa na sababu yoyote ya kukimbizana na sekunde usiku ule. Tungelala sote watatu, tukaamka asubuhi, tukapanda polepole, na stroberi zisingepungua hata moja. Saa ya mchezo, ambayo nimeilaumu kwa aya nzima, haikututuma mbio zile.

Nikiitazama hivyo, mengine niliyoyahesabu kuwa shinikizo nayo yanapungua uzito. Kwenye mchezo wa 1996 wazazi walirudi baada ya miaka miwili na nusu kukagua kazi ya mtoto wao, na Stardew Valley nao una ukaguzi: mwanzoni mwa mwaka wa tatu mzimu wa babu aliyemrithisha mchezaji shamba huja na kuwasha mishumaa, kuanzia mmoja hadi minne, kulingana na ulichofanya. Mwenye mshumaa mmoja hanyang'anywi shamba. Anaweza hata kuomba akaguliwe tena baadaye. Mazao yaliyokauka hayaleti deni, kodi haipo, wala hakuna ng'ombe atakayekufa kwa njaa ukisahau kumlisha, atanuna tu. Mchezo umejaa saa, lakini adhabu zake ni nyepesi mno, na mtu akiziona kuwa nzito, uzito huo mara nyingi amekuja nao. Bado nashikilia kwamba usiku usiosimama ni kasoro kwa wanaocheza wengi, kwa sababu hapo mtu mmoja mwenye haraka huwaambukiza wote. Kwa anayecheza peke yake siwezi tena kusema hivyo kwa uhakika niliokuwa nao mwanzoni.

Na kuna jambo moja ambalo nalijua vizuri na sikulipa nafasi yake. Shamba lile lingali hai. Mdogo wangu hulifungua bado, jioni ambazo hana la kufanya, na pengine hata zile ambazo analo. Babu alipokuja alimwashia mshumaa mmoja, naye akaenda kuvua samaki. Jumba la kijiji hajalikarabati hata nusu. Stroberi hupanda anapokumbuka. Toleo la 1.5 la mwaka 2020 likaongeza kisiwa kizima, lile la 1.6 la Machi 2024 likaleta matukio na aina nyingine ya shamba, yote bila malipo ya ziada kwa aliyekwisha kununua, na yeye huendelea taratibu bila kuutafuta mwisho. Aliununua akiwa amechoka kama sisi, pengine kutuzidi.

Niseme kwa ufupi kuhusu michezo ya shamba ya bure, kwa kuwa wapo watakaouliza kwa nini wanunue kabisa. FarmVille, iliyoanza mwaka 2009 ndani ya Facebook, ilikuwa ya bure, na mazao yake yalinyauka usiporudi kwa wakati wa kweli wa saa ya ukutani, hata kama ulikuwa kazini au usingizini. Mtindo huo ungalipo kwenye simu: unasubiri, au unalipa ili usisubiri. Mchezo wa shamba ulionunuliwa mara moja huganda unapouzima. Ukikaa mbali nao mwezi mzima utakuta figili zako palepale ulipoziacha. Kwa tofauti hiyo pekee niko tayari kumshauri mtu alipe.

Kwa hiyo, Mhariri, nanunua, au tuseme nashauri kununua, ingawa si kwa kila mtu na si kwa haraka. Anayetaka kucheza na wenzake waafikiane kwanza kuhusu mfuko, kwa sababu mpangilio wa kutenganisha fedha upo na ungetuokolea binamu. Anayejua kwamba hawezi kulala akiwa na kitalu kikavu atafute kwanza michezo mingine ya ukoo huu inayomruhusu kuipunguza kasi ya saa. Animal Crossing: New Horizons, wa Machi 2020, nisingempendekezea anayetoka kazini usiku, kwa kuwa unafuata saa ya kweli na duka lake humfungia.

Na kwa anayenunua kupitia Steam, duka la michezo ya kompyuta la mtandaoni, upo utaratibu wa kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Saa 2 ni siku 8 za shamba na ushee. Mchezo utakuwa umekupa mbegu 15 za parsnipu, mzizi mweupe wa jamii ya karoti, ambao hukomaa kwa siku 4, hivyo utakuwa umeshavuna mara moja na kuzishika fedha zako za kwanza. Katika muda huo jaribu siku moja kwenda kulala saa 2 usiku na nusu ya mbegu hujazimwagilia. Ukiweza, usiurudishe.