Kuvua hijabu ili upate kazi: jibu kwa dada anayetafuta ajira Kisumu

Dada, umeuliza kama uvue hijabu siku ya mahojiano kwa sababu meneja wa hoteli hapa Kisumu amekudokezea kwamba wateja wake hawaizoei. Mimi ni mzaliwa wa Mumias na ni mhasibu, na ushauri wangu ni kwamba usiivue.

Ubaguzi huu haumpati kila Mwislamu kwa namna moja. Kaka yangu, ambaye vyeti vyake vinalingana na vyangu, hajawahi kuulizwa habari za dini akitafuta kazi, kwa kuwa dini yake haionekani anapoingia mlangoni. Mimi, aliyenihoji alitazama kitambulisho changu, akaona jina la Kiluhya, akaniuliza kama nimeolewa na Msomali, kisha akataka kujua kama mume wangu ataniruhusu kufanya kazi hadi jioni. Sikuwa nimeolewa. Kwa maswali hayo mawili imani yangu ilifanywa kuwa ya mume nisiyekuwa naye, na muda wangu vilevile, na sijui hata leo ni lipi lililoninyima kazi ile, Uislamu wangu au uanamke wangu.

Baada ya mashambulizi ya al-Shabaab katika jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 hali ilizidi kuwa mbaya, hadi abiria wakawa wanahama viti kunikwepa ndani ya matatu. Nyumbani nako niliambiwa, kwa nia njema kabisa, nitulie hadi nitakapoolewa. Hilo liliniuma zaidi, kwa sababu wa nje na wa ndani walikuwa wamekubaliana kwamba mshahara haunihusu.

Sheria inakulinda kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa dini, wa jinsia na hata wa mavazi, na cha 32 kinakataza mtu kunyimwa ajira kwa ajili ya imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5, inamlinda hata anayeomba kazi, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wakikutajia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2019, wajibu kwamba ule ulihusu hijabu kwenye sare za shule, si ajira.

Kwa hiyo nenda na hijabu yako, safi na iliyofungwa vizuri. Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi, na siku hiyohiyo uandike jina la aliyekuhoji, maneno aliyoyatumia na waliokuwepo, kisha uyapeleke kwa wakili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi hapahapa Kisumu.