Uliza Tukujibu: Eti zamani DC ndo alikuwa hakimu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Mpwapwa, juzi nilimsindikiza mjomba mahakama ya mwanzo kwenye kesi ya mirathi, tukiwa nje tunasubiri kuitwa mzee mmoja akasema enzi zao kesi zilikuwa zinaamuliwa bomani na DC ndo hakimu. Ni kweli au stori tu? Halafu mbona maboma ya Mjerumani yana kuta nene vile na vitundu vyembamba, si ni ofisi tu?

JIBU: Marahaba. Mzee hajawadanganya. Nianze na kuta. Hapo kwenu palikuwa njia ya misafara ya kwenda Tabora, kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo mwaka 1887, kufika 1889 watu wa Abushiri, yule aliyeongoza vita ya pwani dhidi ya Wajerumani, wakakivamia, ndo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja kujenga kingine. Sasa mtu aliyeshavamiwa kituo hajengi ofisi, anajenga ngome! Vile vitundu ni vya kutolea bunduki. Kuta ni nene maana ni mawe matupu, hakuna nondo, ukuta wenyewe ndo unabeba kila kitu, na kwa jua la huku ndani panabaki baridi. Ila ramani ya vyumba kuzunguka ua na geti moja isiwashangaze, tembe la Kigogo lilikuwa hivyohivyo zamani, ng'ombe ndani, adui nje.

Humohumo ndo kesi zilisikilizwa. Afisa anakaa barazani, askari pembeni, wakili hakuna, na yeye ndo mkusanya kodi ya kibanda, kwahiyo usipolipa anayekudai ndo huyohuyo anayekuhukumu, haki hapo sijui ingetokea wapi. Amri ya 1896 iliweka kikomo viboko 25 kwa mkupuo, ndo ile hamsa ishirini ya wazee.

Mwingereza naye hakubadilisha sana. Mahakama Kuu ilianzishwa 1920 lakini huko Dar, wilayani DC akaendelea kuhukumu, na sheria ya 1929 ikaziweka mahakama za machifu chini ya usimamizi wake. Mpaka ilipokuja Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, ikaanza kazi 1964, ndo tukapata mahakama ya mwanzo, ya wilaya na ya hakimu mkazi, zote chini ya mhimili wa Mahakama, siyo chini ya DC. Kwahiyo hiyo mirathi ya mjomba DC hana kauli nayo, hata kama ofisi yake iko hatua chache tu toka hapo mlipokaa.