Mleta mada, weka chini hilo jedwali la tensi 12

Usimlipie huyo mwalimu. Umesema mwanao kamaliza la saba, Januari anaingia kidato cha kwanza, na umepata mtu wa kumkaririsha tensi zote 12 za Kiingereza (nyakati za vitenzi) kabla shule hazijafunguliwa. Unauliza kama bei ni halali na ununue kamusi gani. Nimesoma nikasisimka mwili, maana hiyo hela mimi nilishaitoa.

Wangu alibandikiwa jedwali zima juu ya kitanda, nyakati tatu mara hali nne. Wageni wakija namsimamisha: "Past perfect continuous!" Anatiririka, "I had been going, you had been going," shangazi yake anapiga vigelegele, mimi najiona baba wa waziri. (Cheka tu, nimeshazoea.) Shule ikafunguliwa, mwalimu akamuuliza kitu chepesi: "Where does your father work?" Akajibu, "My father he is work at market." Daftari likarudi jekundu: "I didn't went," "Does she likes." Na hasara haikuishia kwenye Kiingereza. Baiolojia, jiografia, hesabu, vyote vinaulizwa kwa Kiingereza hichohicho, mpaka upimaji wa kidato cha pili. Mtoto aliyekuwa anaongoza msingi akawa anakaa nyuma, hanyooshi mkono.

Nilipomfuata yule bwana wa tuisheni, bila haya akaniambia mtoto "hana msingi". Sasa nilikulipa nini? Umeezeka bati kwenye nyumba isiyo na kuta, halafu unamlaumu mwenye kiwanja!

Shika hiki kimoja: sentensi ya Kiingereza inabeba wakati mara moja tu, na kitenzi cha kwanza ndicho kinachoubeba. "She goes." Ukileta "does", ile s imeshahamia huko, kwa hiyo "Does she go?" "He went." Ukileta "did", jana imeshamezwa na "did", basi "Did he go?" na "He didn't go." Hata kwenye lile jedwali la ukutani, "had been going", wakati wote uko kwenye "had". Mwalimu angesema hivyo siku ya kwanza, nusu ya jedwali lisingehitajika.

Watoto wetu wanakwama hapa kwa sababu kitenzi chetu kinabeba kila kitu tumboni. "Hakwenda": mtu, ukanusho na wakati, vyote humo. Akiiona "did" peke yake haamini kama imetosha, anaongeza "went" kwa usalama. Na ile "my father he" ni a- ya "anafanya" anayoitafuta.

Kwa hiyo chukua kitenzi kimoja kwa siku, mkiwa jikoni. "She eats ugali. She doesn't eat ugali. Does she eat ugali?" Halafu yaleyale ya jana: "She ate ugali. She didn't eat ugali. Did she eat ugali?" Kesho "buy", keshokutwa "write". Ziada ni "is eating" tu, kwa sababu ataisikia kila saa darasani. Mengine yasubiri mpaka hizi zitoke mdomoni bila kufikiri. Akisema "Did she ate", usimtajie jina la tensi yoyote. Rudia "did" kwa sauti, kisha nyamaza. Ile "ate" ataitema mwenyewe.