Kabla Hujabadilisha Sili, Tafuta Kilichoiua

Ninyi mnaoanza ufundi wa injini za boti na pampu za maji hapa Kigoma mtaletewa kazi nyingi ambazo mwenye chombo atazieleza kwa neno moja tu: "Inavuja." Fundi mwenye haraka hununua sili mpya, yaani pete ya mpira inayozuia oili au maji yasipite kandokando ya shafti, akaifunga na kulipwa, na baada ya muda mfupi chombo hurudi na tatizo lile lile. Uzoefu umenifundisha kwamba ni mara chache sili ya mpira hufa kwa uzee. Mara nyingi huuawa na kitu kilicho jirani yake, na wajibu wa fundi ni kukijua kitu hicho kabla ya kufunga nyingine.

Chukueni giaboksi ya chini ya injini ya boti. Pale shafti ya propela inapotokea huwekwa sili, mara nyingi mbili zilizopeana mgongo, moja ikizuia oili isitoke na nyingine ikizuia maji ya ziwa yasiingie. Boti za dagaa zinazotoka Kibirizi na Katonga hufanya kazi usiku katikati ya nyavu na kamba, na uzi wa nailoni ukinaswa na propela hujiviringisha kwenye shafti, ukazidi kusogea ndani hadi kuufikia mdomo wa sili, yaani ukingo wake mwembamba unaogusa shafti, na kuukata. Uzi huo hauonekani kwa nje. Ni lazima propela ivuliwe pamoja na washa yake, kisha uzi ukatwe taratibu na kutolewa wote, bila kuiparuza shafti kwa kisu. Kwa maoni yangu, mwenye boti akizoea kuvua propela na kusafisha mahali hapo mara kwa mara, ataokoa sili nyingi kuliko kwa dawa yoyote ya kuzuia kuvuja inayouzwa dukani.

Dalili ya sili iliyokatika huonekana kwenye oili. Injini ikilala imesimama wima, maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko oili, kwa hiyo mkilegeza skrubu ya chini asubuhi, yaangalieni kwa makini matone ya kwanza. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji, na hapo gia na bearingi nazo zikaguliwe, kwa sababu kutu haisubiri.

Sili iliyotolewa isitupwe kabla ya kusomwa. Mdomo uliokauka na kupasuka vipande vidogo vidogo unaeleza habari ya joto kali au kuzunguka bila mafuta. Mpira uliovimba na kulegea umekutana na kimiminika usichokiweza. Mdomo ulioliwa upande mmoja tu unaelekeza kwenye shafti iliyopinda au bearingi iliyochoka, na hapo sili mpya peke yake haitadumu. Baada ya hapo pitisheni ukucha kwenye shafti, mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukigusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, shafti ipelekwe kwa mkerezaji, au sili ikalishwe mbele au nyuma kidogo ikiwa nafasi inaruhusu, ili mdomo ukutane na chuma kisicho na mfereji. Msisugue shafti kwa msasa kwa kufuata urefu wake, maana kila mkwaruzo wa namna hiyo huwa njia ya oili kupita.

Kuhusu aina za mpira, jambo la kushika ni kwamba rangi haisemi chochote. Mpira wa NBR, ambao ndio wa sili nyingi za oili, huvumilia oili na dizeli na joto la hadi nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Mpira wa EPDM hufaa kwa maji na kwa mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, lakini ukikutana na oili ya injini huvimba na kuharibika. Zote mbili kwa kawaida ni nyeusi. Ndiyo maana raba za breki za pikipiki husafishwa kwa mafuta ya breki yenyewe, wala si kwa petroli au dizeli, na grisi ya kawaida isiguse hapo kamwe.

Pampu za kumwagilia, kama zile za wakulima wa bonde la Luiche, zina adui mwingine: kuwashwa zikiwa kavu. Sili ya pampu hupozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyazuia, hivyo chumba cha pampu kijazwe maji kabla ya kuvuta kamba ya injini, na chujio la mpira wa kuvutia maji lisilale kwenye mchanga.

Wakati wa kufunga, upande wenye springi uelekee kwenye kimiminika kinachozuiwa. Pakeni oili au grisi inayofaa mdomoni, funikeni meno ya shafti kwa nailoni nyembamba, kisha sukumeni sili kwa bomba lenye upana unaolingana na ukingo wake, ili iingie sawasawa pande zote. Kuigonga kwa bisibisi upande mmoja mmoja ni kuiharibu kabla haijafanya kazi. Akiba yenu ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa, mahali penye giza na ubaridi, mbali na jua na mashine ya kuchomelea. Msiitundike kwenye msumari, kwani mpira hupinda na kubaki hivyo.

Mkimaliza giaboksi, kabla ya kujaza oili, ingizeni upepo kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, mpake maji ya sabuni kuizunguka sili na kuzungusha propela kwa mkono. Mapovu yakitokea, chombo kisirudi ziwani siku hiyo.