Usichomeke hiyo adapta ya ruta kwenye Spectrum!

Mkuu, ACHA. Kama umeshaichomeka, chomoa sasa hivi ndipo uendelee kusoma. Umeuliza nani aliibuni ZX Spectrum, hii kompyuta ya zamani ya nyumbani, kwa nini rangi zake zinaingiliana, utaiunganisha vipi na TV ya siku hizi, na vipuri vinapatikana wapi. Maswali mazuri. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetoa habari ya msiba wakati ameshashika kitasa cha mlango, umeandika: "adapta ya ruta yangu ni volti 9 na imeingia freshi, kesho nawasha."

Imeingia freshi! Hata yangu iliingia freshi.

Sikiliza. Tundu la umeme la Spectrum ni saizi ileile ya ruta nyingi, ila umeme wake umegeuzwa: HASI iko katikati, CHANYA iko nje. Ruta karibu zote ni kinyume chake. Na mashine yenyewe haina swichi wala taa. Kuchomeka ndiko kuwasha, kuchomoa ndiko kuzima. Kwa hiyo hupati hata nafasi ya kusema "ngoja kwanza". Ndani hakuna hata dayodi moja ya kuzuia umeme uliogeuka. Dayodi ya senti chache! Lakini ndivyo Clive Sinclair, mwenye kampuni iliyoitoa, alivyokuwa akitengeneza vitu: kila kipande kinachoweza kuachwa kinaachwa, ili bei ishuke. Aprili 1982 aliitoa kwa pauni 125 ile ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile ya kilobaiti 48, wakati BBC Micro, kompyuta ya washindani wake Acorn, ilikuwa mbali sana kwa bei. Richard Altwasser ndiye aliyebuni saketi, Steve Vickers akaandika BASIC, yaani lugha ya programu iliyo kwenye ROM, chipu ya kumbukumbu isiyofutika, Rick Dickinson akachora umbo na zile keyi za mpira. Basi, swali lako la kwanza limekwisha, turudi kwenye adapta.

Yangu niliinunua hapa Leicester, Uingereza, kwenye gulio la Jumapili, pauni 70, bila adapta. Muuzaji, mzee mwenye kofia na majivuno, akaniambia: "Volti 9 ni volti 9, tumia yoyote." Nikaenda nyumbani nikaangalia na video ya kijana mmoja, naye akasema hivyohivyo huku anatabasamu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu wa gulioni, na guu likavunjika vilevile.

Nilichomeka. Kimya. Nikadhani TV haijashika chaneli, nikaanza kuhangaika na rimoti. Dakika nzima nahangaika na rimoti, mkuu, na kule nyuma kompyuta inapikwa. Kilichonishtua ni harufu. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama nimeunguza kitu. Nikamjibu hapana, ni majirani.

Nikapata adapta sahihi. Nikawasha. Badala ya kioo cheupe chenye maandishi ya "© 1982 Sinclair Research Ltd" chini, nikaona mistari ya wima. Nikasoma huku na kule, nikagundua mistari hiyo mara nyingi ni dalili ya kumbukumbu ya chini (kilobaiti 16 za kwanza) kufa, yaani zile chipu nane za aina ya 4116, zilizoandikwa IC6 mpaka IC13 kwenye bodi. Nikaagiza nane. Usiku tatu niko na pasi ya kulehemu nang'oa za zamani, nikang'oa na njia mbili za shaba kwenye bodi kama nyongeza. Nikapachika mpya. Nikawasha kwa bismillahi.

Mistari ileile.

Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko ile ya mwanzo, maana ile ya kwanza nilidanganywa, hii nilijidanganya mwenyewe. Chipu ya 4116 si kama chipu za leo zinazokula volti moja. Inataka tatu: 5, 12, na hasi 5. Ile hasi 5 ndiyo inayoilinda. Ikikosekana huku pini nyingine zina umeme, chipu inakufa. Sasa hizo 12 na hasi 5 hazitoki kwenye adapta, zinatengenezwa ndani na koili na transista iitwayo TR4. Ukigeuza umeme, TR4 ni kati ya vitu vinavyotangulia kufa. Mimi sikuipima. Nikaweka chipu nane mpya juu ya mtego uleule, zikafa zote. Fundi mmoja mstaafu wa televisheni alikuja nyumbani, akagusa pini ya 1, ile ya hasi 5, kwa mita ya kupimia umeme, ikasoma sifuri, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekula sabuni. Nikanunua TR4, nikanunua nane nyingine. Hesabu ya jumla siandiki hapa, mke wangu naye anasoma jukwaa hili.

Kwa hiyo: MITA KABLA YA UMEME. Chukua adapta peke yake, ichomeke ukutani, waya mwekundu wa mita uingize ndani ya tundu la kichwa chake, mweusi uguse chuma cha nje. Lazima uone alama ya kutoa mbele ya namba. Usipoiona, hiyo si adapta ya Spectrum, hata kama ameisifu nani. Ukipata ile ya asili, inaweza kusoma 12 au zaidi ikiwa haina mzigo. Usishtuke, ndivyo ilivyo, regyuleta ya 7805 ndani inaishusha hadi 5. Na kama utafungua mashine, kwenye 4116 yoyote pini ya 1 isome hasi 5, ya 8 isome 12, ya 9 isome 5. Hizo tatu zisipokuwa sawa usiguse chipu, usinunue chipu, usiwaze chipu.

Rangi zinaingiliana kwa sababu ya ubahili uleule. Kioo ni nukta 256 kwa 192, hiyo ni baiti 6,144, halafu rangi zinawekwa kwa vyumba vya nukta 8 kwa 8, baiti 768 basi, kila chumba rangi mbili tu. Kila nukta ingepewa rangi yake, kioo peke yake kingekula baiti 24,576, na ile mashine ya bei ya chini ilikuwa na kilobaiti 16. Hata kilobaiti 32 za juu kwenye ile ya 48 ni chipu zenye nusu mbovu, walizipata rahisi wakatumia ile nusu isiyo mbovu. Mimi hilo nalipenda, siwezi kusema uongo. Ila mtu aliyeweza kutumia chipu mbovu kwa akili kiasi hicho angeshindwa nini kuweka dayodi?

Piga picha lebo ya adapta, ile yenye kiduara na alama za + na −, uiweke hapa kabla ya kesho. Ya TV na vipuri tutaongea baada ya hapo. Na ruta irudishie adapta yake, utahitaji intaneti ya kunijibu.