Lori jipya linavuja dizeli: usishike spana kabla hujaona chanzo

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye malori mapya na mafundi wanaoyahudumia, na karibu yote yanazunguka jambo moja: injini haijafika hata sevisi ya kwanza, tayari ina dizeli nje ya paipu.

Lori letu lina kilometa 1,200 tu. Kila asubuhi tunakuta doa la dizeli chini, usawa wa filta. Fundi anasema ni kukaza tu. Tumruhusu? (Mwenye lori, Morogoro)

Msimruhusu bado. Doa la chini halionyeshi kiungio kinachovuja, linaonyesha mahali dizeli ilipoishia kutambaa. Dizeli hufuata paipu, hufuata waya, huteremka ubavuni mwa bloku, na lori likiwa kwenye mwendo upepo huirusha nyuma. Tone linaweza kudondoka chini ya filta wakati kiungio kibovu kiko sentimita 40 juu yake.

Anzeni na usafi. Injini ikiwa imepoa, osheni eneo lote kwa dawa ya kusafishia breki, pulizeni upepo mpaka pakauke kabisa, halafu nyunyizeni poda ya watoto juu ya viungio vyote kuanzia sedimenta (chujio la kwanza linalotenga maji na dizeli) mpaka pampu. Washeni injini, iacheni ingurume dakika 10 bila kukanyaga mafuta. Poda iliyoguswa na dizeli hugeuka kijivu mara moja. Kiungio cha juu kabisa kilicholowa ndicho chenye kosa, vya chini yake vimerithi tu. Kama poda imebaki nyeupe, pelekeni lori barabarani likiwa na mzigo, maana ipo mivujo inayojitokeza injini ikishapata moto sawasawa, kama vile kupanda mlima wa Kitonga na mzigo kamili. Usiposhika hata hapo, kuna rangi maalumu ya kuchanganya kwenye dizeli ambayo hung'aa ukiimulika kwa taa yake ya zambarau.

Kwa lori jipya kuna pa kuanzia kutazama. Malori mengi ya kwetu huunganishwa hapahapa, Thika, Mombasa au Kibaha, na kwa kawaida injini hufika ikiwa imeshafungwa na kupimwa huko ilikotoka. Viungio vilivyofungwa mwishoni kabisa ni vile vya kati ya tenki na injini: paipu ya kunyonya, paipu ya ritani (inayorudisha dizeli tenkini), sedimenta iliyopo kwenye chesisi. Tazameni hapo kabla ya kuigusa injini yenyewe.

Tunakataa kukaza kwa sababu kiungio kipya hakivuji bila sababu. Washa (pete bapa ya kuzibia) imekaa upande, oringi (pete ya mpira) imekatwa, rangi imeingia kwenye uso wa kuzibia, au paipu imevutwa kwa nguvu ili ifike. Ukikaza unaficha sababu kwa wiki mbili, na wakati mwingine unapasua kilichokuwa kizima. Msidharau pia uchache wake: tone moja kila sekunde ni karibu lita 4 kwa siku nzima.

Washa ya kopa (shaba nyekundu) nikiichoma ikawa nyekundu, naweza kuirudisha? (Fundi, Tabata)

Ni kweli moto huirudishia kopa ulaini wake, na wazee walifanya hivyo miaka mingi. Lakini washa iliyokwisha kubanwa ina mfereji uliochorwa na kiungio cha kwanza, na moto huiachia magamba meusi ambayo yakibanduka yanaingia kwenye mfumo. Ndani ya nozeli (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda) za siku hizi nafasi kati ya chuma na chuma ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Weka mpya. Ile washa ya chuma yenye mpira ndani usiipeleke kwenye moto kamwe.

Bolti ya banjo (yenye tundu ndani, inayopita kwenye kichwa cha mviringo cha paipu) inataka washa mbili, moja chini ya kichwa cha bolti na nyingine kati ya banjo na mwili wa filta au pampu. Ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa hubaki imenata kwenye kiungio cha zamani au huanguka bila kuonekana. Halafu angalia rangi. Injini mpya hupuliziwa rangi, na ikikauka chini ya washa, joto la siku za mwanzo huilainisha, bolti inapoteza mkazo wake, na mvujo unaanza hata kama kiwandani ilikazwa sawasawa. Ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au cha mti, si kwa tupa wala msasa. Kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima mkazo) kwa namba ya kitabu, mkono wa pili ukiishikilia paipu isizunguke pamoja na bolti.

Injini inasumbua kuwaka asubuhi, mpaka nipige pampu ya mkono. Chini pakavu kabisa. Je, ni mvujo? (Dereva, Mombasa)

Ndiyo kaka, ila huu unavujia ndani. Kati ya tenki na fidi pampu (inayovuta dizeli kutoka tenkini) iliyopo kwenye injini, dizeli inanyonywa, kwa hiyo presha humo iko chini ya ile ya hewa ya nje. Tundu la upande huu halitoi dizeli, linaingiza hewa. Usiku hewa inapanda, dizeli inarudi tenkini, asubuhi unazungusha paipu tupu.

Kata mjadala kwa hozi angavu. Funga kipande cha sentimita 30 hivi kabla tu ya fidi pampu, washa injini, tazama. Mapovu ya dakika mbili za mwanzo ni hewa uliyoiingiza mwenyewe wakati wa kufunga, yaache yapite. Yakiendelea kupita kama shanga kwenye uzi, hewa inaingia nyuma ya hozi, upande wa tenki. Hapo chomoa paipu inayotoka tenkini pale inapoungana na hozi angavu, na badala yake ipe pampu dizeli safi kutoka kwenye dumu. Mapovu yakikatika, kosa liko kwenye ulichokiruka: sedimenta, viungio vyake, au paipu ya kunyonya ndani ya tenki. Yasipokatika, kagua viungio vya hozi yako yenyewe. Na kama hozi ilikuwa safi tangu mwanzo lakini dizeli bado inarudi usiku, basi ni sili ya pampu au vali yake ya kuzuia kurudi.

Kwa lori jipya, mshukiwa wa kwanza ni oringi ya bakuli la sedimenta. Ikifungwa kavu, inajikunja badala ya kuteleza, na mkunjo huo hauonekani mpaka ufungue. Ipake dizeli safi, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza mzunguko ulioandikwa kwenye filta yenyewe. Wa pili ni kiungio cha plastiki kinachofungwa kwa kubofya: kinaweza kusimama nusu njia kikaonekana kimeingia. Ukisikia mlio wake, kivute nyuma kwa nguvu kidogo. Kikitoka, hakikuwa kimefungwa.

Ukitaka kutafuta kwa upepo na maji ya sabuni, ziba ncha moja ya paipu na usizidishe 0.5 bar. Usiunganishe kompresa na tenki, linaweza kupasuka.

Paipu ya chuma kutoka reli kwenda nozeli inalowa kwenye nati. Imekazwa mara tatu, bado. Tufanyeje? (Gereji, Nakuru)

Mara tatu zimetosha, na pengine zimeshaiharibu. Kwenye komoni reli ya lori (mfumo ambao bomba moja nene, ndiyo reli, hugawia nozeli zote dizeli yenye presha) paipu hiyo hubeba bar 1,600 mpaka 2,500 hivi, na haina washa wala mpira. Kinachoziba ni koni ya chuma inayobonyezwa kwenye kikombe cha chuma.

Zimeni injini, subirini dakika 10 presha ishuke (kitabu kikisema zaidi, fuateni kitabu), osheni kila kitu kinachozunguka, ndipo mfungue. Ishikeni ncha ya paipu chini ya taa na kuigeuza polepole. Kwenye koni mtaona mstari mwembamba unaong'aa, ndipo chuma kilipoumana na chuma. Mstari ukizunguka wote bila kukatika, paipu ilikaa vizuri na kosa litafutwe kwingine, kwa mfano ufa nyuma ya koni au kovu kwenye kikombe. Ukiwa mnene upande mmoja na kupotea upande wa pili, paipu ilifungwa imepinda. Huyo ndiye adui wa injini mpya: nati ya upande mmoja ilikazwa mpaka mwisho kabla ya kuanza ya pili, ikabidi paipu ilazimishwe kufika.

Wekeni paipu mpya. Watengenezaji wengi hawaruhusu iliyokwisha kufunguliwa kurudi, na wanaoruhusu hutaka irudi kwenye silinda ileile. Vifuniko vyake vya plastiki vitoke dakika ya kufunga, si kabla. Legezeni klampu zote. Paipu ikae yenyewe kwenye vikombe vyote viwili bila kusukumwa wala kukunjwa. Fungeni nati zote mbili kwa vidole mpaka ziguse, ndipo toki renchi kwa mpangilio wa kitabu. Kwa nati za M14 namba mara nyingi huangukia kati ya 25 na 40 Nm (kipimo cha mkazo), lakini injini yenu ina namba yake, na baadhi zinataka kuongeza mzunguko wa nyuzi kadhaa baada ya kufika Nm. Klampu zikazwe mwisho, na isikosekane hata moja. Paipu isiyo na klampu hutetemeka mpaka chuma kinachoka na kupasuka karibu na nati.

Msiiache hii kwa kisingizio kwamba ni unyevu tu. Dizeli ya kiwango cha Ulaya cha EN 590 huweza kutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi 55 hivi za Selsiasi, na nyumba ya turbo chini ya mzigo huvuka nyuzi 500. Ukungu wa dizeli ukifika pale, lori linateketea.

Silinda iliyokufa tulikuwa tunaitafuta kwa kulegeza nati za nozeli injini ikinguruma. Kwenye hizi mpya inafaa? (Fundi mkongwe, Iringa)

Shikamoo mzee. Kwa pampu za zamani ilieleweka, kwa komoni reli hapana kabisa. Tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, izime nozeli moja moja. Mvujo utafutwe kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa kwa mbali, si kwa kidole, maana mchirizi wake hauonekani na hupenya ngozi na glavu. Jeraha huwa kitone kidogo kisichouma sana mwanzoni, na hapo ndipo watu hupoteza vidole, kwa kwenda kulala. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kuwa ni dizeli iliyoingia kwa presha kubwa. Huwa inahitaji upasuaji wa haraka.

Tepu nyeupe ya bomba la maji inasaidia? (Utingo, Tunduma)

Haisaidii. Koni na washa havizibi kwa nyuzi za bolti, na vipande vya tepu vikikatika huishia kwenye nozeli.

Hakuna mvujo wowote nje, lakini oili inapanda kwenye kijiti. (Msimamizi wa magari, Kampala)

Zima injini na usiendelee na safari. Kinachoongezeka karibu kila mara ni dizeli au maji ya rejeta. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ni maji. Ikiwa nyepesi na yenye harufu ya dizeli, tazama oringi za nozeli, viungio vilivyo chini ya kifuniko cha vali na sili ya shafti ya pampu. Kwa uhakika peleka sampuli maabara. Oili ya 15W-40 inatakiwa iwe na unato usiopungua 12.5 cSt (kipimo cha unato) kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na ikishuka chini ya hapo imepoteza daraja lake, metali za krankshafti zinasagika. Ukishatengeneza, mwaga oili yote na ubadilishe filta yake.

Tukigusa wenyewe, waranti inapotea? (Mwenye malori mawili, Arusha)

Inaweza. Kabla ya kufungua chochote, piga picha ya poda iliyolowa, namba ya injini na kilometa, uwaandikie waliokuuzia na usubiri jibu la maandishi. Wakituma fundi wao, mwombe akuachie washa, oringi au paipu aliyoitoa. Akitakiwa kuirudisha kiwandani, ipige picha kwanza pande zote. Mvujo ukirudi mahali palepale, kipande hicho ndicho kitakachoonyesha kama tatizo ni ufungaji au ni chuma chenyewe.